Seti ya Waterloo ya mbao kutoka Nyakato: inunue, ila rekebisha kanuni nne kwanza

Karakana moja ya useremala iliyoko Nyakato, Mwanza, inatengeneza mchezo wa mezani wa vita vya Waterloo, vile vilivyopiganwa Juni 18, 1815 kusini mwa Brussels kati ya jeshi la Napoleon na majeshi ya Wellington wa Uingereza na Blücher wa Prussia. Seti ndogo inauzwa Sh 85,000. Ina turubai lililochapishwa uwanja wa vita, vipande 134 vya mbao, dadu nne, rula na kijitabu cha kanuni. Seti kubwa ni Sh 120,000, na imeongezewa vitu viwili: kielelezo cha mbao cha mtambo wa bunduki ya gumegume, na turubai la pili la vita vya Wazulu wa Shaka.

Mwenye haraka achukue hukumu hapa: nunua. Waliotengeneza seti hii wameelewa jambo ambalo michezo mingi ya aina hii huliruka. Katika vita vya miaka ile, kilichoamua nani afe na nani asalimike ni umbo ambalo askari walikuwa wamejipanga pindi adui alipowafikia, na dakika walizohitaji kulibadili. Bunduki za pande zote mbili zilikaribiana kwa ubora. Farasi walikuwa farasi. Aliyekamatwa katikati ya kugeuka ndiye aliyeangamia, na mchezo huu unakufanya ulione hilo kwa macho yako mezani. Kuna kanuni nne zimekosewa, nazo si ndogo, lakini zote zinarekebishika kwa kalamu na vitu vilivyomo nyumbani.

Tuanze na vipimo, maana hapo ndipo kazi yao inapong'aa. Sentimita 1 kwenye turubai ni mita 10 za ardhini, na zamu moja ni dakika moja. Turubai lina sentimita 120 kwa 90, kwa hiyo haliwezi kubeba uwanja mzima. Wamechagua sehemu ya katikati, penye shamba la La Haye Sainte na mgongo wa kilima ulio nyuma yake. Uamuzi mzuri sana. Ukitaka uwanja wote, itakubidi ufanye batalioni nzima kuwa kipande kimoja, na hapo huoni tena kombania zikigeuka, zikichelewa, zikiachana.

Batalioni ya Wafaransa ina vipande 6, kama mpango wao wa 1808 ulivyotaka: kombania 4 za kawaida, moja ya magrenadia (askari wateule) na moja ya askari wepesi. Batalioni ya Waingereza ina vipande 10. Kwenye karatasi, ya Kifaransa ilikuwa na watu 840 na ya Kiingereza kama 1,000, lakini vitani idadi hizo hazikutimia, kwa sababu ya magonjwa, majeraha na watu waliobaki njiani. Kijitabu kinahesabu watu 600 kila upande. Sasa chukua rula. Kipande cha Kifaransa ni watu 100 katika safu tatu, yaani watu 33 bega kwa bega. Kila mmoja akichukua kama sentimita 55 za ardhi, upana ni mita 18, na kipande kimekatwa sentimita 1.8. Kipande cha Kiingereza ni watu 60 katika safu mbili, watu 30 bega kwa bega, mita 16 na nusu, na kipande ni sentimita 1.65. Seremala aliyekata mbao hizi alipewa hesabu, akaifuata.

Faida yake inaonekana mara tu vipande vinapowekwa mezani. Panga batalioni ya Kiingereza kwenye mstari: inachukua sentimita 16 na nusu, na bunduki zote 600 zinaweza kulenga mbele. Panga ya Kifaransa kwenye msururu wa mashambulizi, kombania mbili mbele, mbili katikati, mbili nyuma. Upana unakuwa sentimita 3.6, kina ni safu tisa, na wanaoweza kupiga ni safu mbili za mbele tu, watu 132. Watu ni wale wale 600. Kijitabu kinagawa dadu kwa kufuata bunduki zinazoweza kulenga, kwa hiyo mchezaji mgeni anayesukuma msururu wake hadi sentimita 5 mbele ya mstari mwekundu wa Waingereza akitumaini wingi wa watu, atapoteza kombania zake za mbele kabla hajajua kimempata nini.

Atauliza basi kwa nini Wafaransa walikuwa wakitembea kwa msururu. Jibu liko kwenye jedwali la mwendo. Msururu unakwenda sentimita 6 kwa zamu, na hatua za haraka ni 8. Mstari unakwenda 4. Hatua ya kawaida ya askari ilikuwa kama 75 kwa dakika, ya haraka ya Waingereza 108, na ya Wafaransa wakati wa kushambulia ilifika 120. Lakini mstari mrefu ukitembezwa kwenye nafaka iliyofika kifuani hupinda kama kokoro linalovutwa na watu wasiosikilizana, na kila baada ya mita kadhaa lazima usimame, maofisa waunyooshe. Msururu unabaki mzima, unapita mahali pembamba, na ukisikia kwato unakuwa mraba wenye singe kila upande upesi. Makamanda wa Kifaransa walikusudia kutembea kwa msururu na kufunguka kuwa mstari kabla ya kupiga. Tatizo ni kujua lini ufunguke. Wellington aliwaficha watu wake nyuma ya mgongo wa kilima, wengi wakiwa wamelala chini, na adui alipofika juu muda wa kufunguka ulikuwa umekwisha. Turubai limeweka mstari mweusi wa mgongo huo, na kanuni inasema kipande kilicho nyuma yake hakionekani wala hakipigwi na mizinga ya kawaida, isipokuwa ile ya kurusha juu. Hapo wamepatia kabisa.

Sasa bunduki. Ile ya Waingereza ilikuwa na mtutu wa milimita 19, risasi yake ya kama milimita 17 na nusu, na uzito wa zaidi ya kilo 4. Ya Wafaransa, iliyotokana na muundo wa 1777, ilikuwa na mtutu wa milimita 17 na nusu. Mwanya kati ya risasi na mtutu uliachwa makusudi, kwa sababu baruti nyeusi huacha masizi, na risasi inayobana haingeshindilika baada ya milio michache. Gharama ya mwanya huo ni shabaha: risasi inagonga huku na huku ikitoka, na hakuna ajuaye itaelekea wapi. Zaidi ya mita 100, kumlenga mtu mmoja ni kupoteza baruti. Ndiyo maana watu walipangwa bega kwa bega, ili risasi mia zikienda pamoja baadhi zipate. Kijitabu kinaruhusu kupiga hadi sentimita 10, na chini ya sentimita 5 dadu zinakuwa maradufu. Ni sawa kabisa.

Kila kombania inapiga mara mbili kwa zamu katika zamu tatu za kwanza, kisha mara moja. Wapo watakaolalamika kwamba askari aliyefunzwa aliweza kupiga mara tatu kwa dakika. Aliweza, kwenye uwanja wa mazoezi, bunduki ikiwa safi. Vitani mtutu unajaa masizi, bega linavimba, mdomo unakauka kwa chumvi ya baruti, na kasi inashuka. Kanuni ibaki ilivyo.

Dadu ikitua kwenye 1, bunduki haikulia. Hiyo ni mara moja kati ya sita, na haiko mbali na hali halisi ya gumegume. Ili uelewe kwa nini, seti kubwa ina kile kielelezo cha mbao, na kwa maoni yangu ndicho kitu kizuri kuliko vyote ndani ya boksi. Kina urefu wa sentimita 40, kimechongwa mara mbili ya ukubwa wa mtambo wenyewe, na upande mmoja umeachwa wazi uone ndani. Kuna nyundo iliyobana kipande cha jiwe kwa skrubu, kuna bamba linalosimama mbele yake, na chini ya bamba kuna kisahani cha baruti chenye tundu dogo linaloingia kwenye mtutu. Ukivuta kifyatulio, jiwe linalikwangua bamba, bamba linafunguka, na cheche zingeangukia kisahanini.

Hatua za kupakia zimeandikwa ubavuni mwa kielelezo, na zimefuata mpangilio wa kweli. Nyundo inavutwa nusu. Askari anatoa kifuko cha karatasi mkobani, anakata ncha kwa meno, anamimina baruti kidogo kisahanini na kufunga bamba. Anasimamisha bunduki, kitako chini, anamimina baruti iliyobaki mtutuni, kisha risasi pamoja na karatasi yake. Anachomoa mdeki, ile fimbo ya kushindilia, anashindilia mpaka chini, anaurudisha mdeki mahali pake. Nyundo inavutwa yote. Analenga, anafyatua. Baruti nzima ya mlio mmoja ilikuwa kama gramu 10, ikiwemo ile ya kisahanini.

Kila hatua ina namna yake ya kuharibika. Jiwe likishachakaa, na hilo hutokea baada ya milio ishirini au thelathini, linatoa cheche hafifu na lazima ligeuzwe au libadilishwe. Tundu likiziba kwa masizi, baruti ya kisahanini inawaka usoni mwa askari lakini ya mtutuni haishiki, na katika kelele za vita anaweza asijue, akashindilia risasi ya pili juu ya ile iliyobaki. Akisahau mdeki mtutuni na kufyatua, mdeki unaruka pamoja na risasi, na tangu hapo bunduki yake haipakiki. Mvua ikilowesha kisahani, kilichobaki mkononi ni mpini wa singe. Pale Dresden, Ujerumani, Agosti 1813, askari wa miguu wa Austria walisimama kwenye miraba yao chini ya mvua, bunduki hazilii, wakajisalimisha kwa wapanda farasi wa Kifaransa wa Murat. Kijitabu kina kanuni ya mvua kwenye ukurasa wa mwisho: dadu 1, 2 na 3 zote hazilii. Itumie kwa majaribio, ingawa mchana wa Waterloo mvua ilikuwa imekwisha kukatika.

Dosari ya kielelezo ni pengo la nusu-nyundo, lile linaloishika nyundo ikiwa imevutwa nusu. Kwenye kile kilichokaguliwa kwa tathmini hii limechongwa kwa kina kidogo mno, nyundo inateleza ukiigusa. Bunduki halisi yenye kasoro hiyo ilikuwa hatari kwa mwenyewe na kwa aliye jirani yake, kwa sababu ingeweza kulia wakati wa kupakia. Tupa ndogo ya pembe tatu inatosha: ongeza kina kama milimita 2, usizidishe, mbao isije ikapasuka. Wazee wanaoyajua magobore ya porini watakishika kielelezo hiki na kukielewa papo hapo, tofauti ikiwa kwamba mengi ya magobore hayo yanatumia fataki badala ya jiwe.

Moyo wa mchezo ni mambo matatu yanayoshikana: askari wa miguu, farasi na mizinga. Askari kwenye mstari wana bunduki nyingi lakini ubavu wao uko wazi kwa farasi. Wakijikunja kuwa mraba, nyuso nne, singe nje kila upande, farasi hawawapati, ila sasa wamejazana mahali pamoja na mzinga mmoja unaua wengi. Wakikimbia mizinga kwa kufunguka tena, farasi wanarudi. Anayecheza vizuri anatumia silaha moja kumlazimisha adui aingie kwenye umbo ambalo silaha ya pili inalipenda.

Kijitabu kinasema msururu kuwa mraba ni nusu zamu, mstari kuwa mraba ni zamu nzima, na kipande kinachoguswa na farasi kikiwa katikati ya kugeuka kinaondolewa mezani bila kurusha dadu. Kali? Ndivyo ilivyokuwa. Pale Albuera, Hispania, Mei 16, 1811, brigedi ya Kiingereza ya Colborne ilikuwa kwenye mstari ikipigana, mvua kubwa ikashuka, wapanda farasi wa mikuki wa Poland wakatokea ubavuni, na batalioni tatu kati ya nne zikavunjwa kwa dakika chache. Pale Quatre Bras, siku mbili kabla ya Waterloo, kikosi cha 69 cha Waingereza kilikamatwa na farasi wa deraya (wapandaji wenye bamba la chuma kifuani) kabla mraba wake haujafunga, kikapoteza bendera. Farasi anayekwenda mbio anakula sentimita 40 kwa zamu kwenye turubai hili. Ukimwona anaanza kukimbia akiwa umbali huo na wewe uko kwenye mstari, umeshachelewa. Anza kugeuka akiwa bado anatembea.

Kati ya michezo mitatu iliyomo, wa kwanza ni shambulio la kikosi kikubwa cha miguu cha d'Erlon, jenerali wa Kifaransa, kama saa 7:30 mchana, na ndio uliosukwa vizuri kuliko yote. Wafaransa wana batalioni 8, vipande 48, na kijitabu kinamlazimisha mchezaji azipange kama ilivyokuwa: kila batalioni mstari wa safu tatu, nyingine nyuma yake hatua chache, mpaka safu 24. Umbo hilo lilikusudiwa kuunganisha nguvu ya mstari na uzito wa msururu. Kasoro yake ni kwamba batalioni za katikati hazina nafasi ya kugeuka mraba. Brigedi ya farasi wazito wa Waingereza ilipovuka mgongo wa kilima, wingi ule haukuweza kujikunja; Wafaransa walipoteza tai wawili wa vikosi (sanamu zilizobebwa kama bendera) na maelfu ya mateka. Kisha kanuni ninayoipenda: farasi walioshinda hawasimami mpaka dadu itoe 5 au 6. Waingereza wale walikimbia moja kwa moja hadi kwenye mizinga ya Wafaransa, farasi wamechoka, hakuna akiba nyuma yao, wakapigwa na wapanda farasi wa mikuki. Jenerali Ponsonby, kamanda wa brigedi hiyo, aliuawa hapo. Mchezaji wa Kiingereza asiachie farasi wake wote kwa pamoja. Aache theluthi nyuma ya kilima.

Mchezo wa pili ni mashambulizi ya farasi wa Ney, jemadari wa Napoleon, kuanzia kama saa 10 jioni. Miraba ya Waingereza imepangwa kupishana, ili mmoja ukipiga usimpige jirani. Farasi wanauvunja mraba mzima kwa dadu mbili zikitoa 12 tu, mara moja kati ya 36. Wengi huona hiyo ni ngumu mno. Lakini farasi hagongi ukuta wa singe kwa hiari yake. Anageuka na kuzunguka pembeni. Mraba maarufu uliovunjwa, ule wa Wafaransa pale García Hernández, Hispania, Julai 23, 1812, ulifunguliwa na farasi aliyepigwa risasi akaangukia juu ya safu na kuacha mwanya. Njia ya kweli ya kushinda mchezo huu ni kuleta mizinga ya farasi hadi sentimita 30, ukapiga makopo ya goroli huku farasi wako wakisimama karibu, ili mraba usithubutu kufunguka. Ney hakufanya hivyo kwa nguvu ya kutosha. Pia kuna kanuni ya kuziba matundu ya mizinga kwa misumari pale wapiga mizinga wanapokimbilia ndani ya miraba. Siku ile mizinga haikuzibwa, na wenyewe walirudi kuipiga kila farasi walipoondoka. Jaribu kuiziba uone mchezo unavyopinduka.

Sasa zile kanuni nne.

Ya kwanza ni tope. Kijitabu kinaruhusu tufe la mzinga kudunda mara tatu na kuua kila linapopita. Kwenye ardhi kavu ndivyo lilivyofanya kazi, likiruka usawa wa magoti na kifua. Lakini usiku wa Juni 17 mvua kubwa ilinyesha, ardhi ikalainika kiasi kwamba vita havikuanza mpaka karibu saa 5:30 asubuhi, na matufe mengi yalizama pale yalipotua. Ruhusu mdundo mmoja tu, na mizinga isogee nusu ya sentimita zilizoandikwa. Usiporekebisha hili, Mfaransa anashinda mchezo wa kwanza kwa mizinga peke yake.

Ya pili ni moshi, ambao haumo kabisa. Baruti nyeusi ikishalia mara mbili kwenye mstari mzima bila upepo, safu haioni mita 30 mbele yake; watu wanalenga mimweko. Dawa iko karibu: chukua pamba, ambayo Usukuma haijawahi kuikosa, weka kishungi mbele ya kila kipande kilichopiga. Kipande chenye pamba kinapunguziwa dadu moja zamu inayofuata. Kikikaa zamu nzima bila kupiga, pamba inaondolewa. Utaona jinsi wachezaji wanavyoanza kujizuia, wakisubiri adui asogee ndipo wapige mlio mmoja mzito na kushuka kwa singe. Hivyo ndivyo Waingereza walivyopenda kupigana.

Ya tatu ni bunduki ya Baker na risasi zake. Vipande vya kijani ni askari wenye bunduki hii, yenye mifuo saba ndani ya mtutu inayoizungusha risasi. Kijitabu kimeipa umbali wa sentimita 20, sahihi, lakini kimeipa na kasi ile ile ya bunduki nyororo, isiyo na mifuo. Haiwezekani. Risasi iliyofungwa kitambaa inabana kwenye mifuo na inashindiliwa kwa nguvu. Ipe mlio mmoja kwa zamu. Kubwa zaidi ni kwamba mchezo wa tatu, kuanguka kwa La Haye Sainte, hauna ukomo wa risasi. Huko ni kulikosa tukio lenyewe. Meja Baring na Wajerumani wake wa upande wa Wellington, kama 400 mwanzoni, walilishika shamba lile mchana kutwa, akatuma watu mara kwa mara kuomba risasi, hazikuja, na kama saa 12 jioni walilazimika kulitoka kwa sababu hawakuwa na cha kupiga. Askari wa Kiingereza aliingia vitani na milio 60. Mchezo unaanza saa 11:30 jioni, wakati mikoba imekaribia kuisha, kwa hiyo mpe kila kipande cha kijani punje 6 za maharage, kila mlio punje moja. Zikiisha ni singe na mlango.

Ya nne ni deraya. Farasi wa deraya wanapuuza risasi kwa dadu 4, 5 na 6, umbali wowote. Bamba la kifuani liliweza kuzuia risasi iliyochoka ya mbali, au upanga. Kwa karibu risasi ilipita, na farasi mwenyewe hakuvaa kitu. Kinga hiyo ifanye kazi zaidi ya sentimita 5 tu.

Rangi nazo zina tatizo. Wafaransa ni buluu iliyokoza, na Waholanzi na Wabelgiji waliokuwa upande wa Wellington nao ni buluu iliyokoza. Kwa taa ya jioni huwatofautishi. Ni kweli kwamba hata siku ile Waprusi waliwapiga askari wa Nassau, washirika wao wa Kijerumani, wakidhani ni Wafaransa, lakini mezani ni kero. Chora mstari mweupe juu ya vipande vya Waholanzi. Rangi yenyewe ni ya mafuta na hukauka polepole. Vipande vikifungiwa kwenye mfuko wa plastiki wakati wa joto vinagandana. Vipake unga wa talki au vitandaze kivulini siku mbili kabla ya kuvifungia.

Turubai la Wazulu halijawa tayari, na hilo ndilo linalofanya nishindwe kuisifu seti kubwa bila kusita. Shaka alitawala 1816 hadi 1828, na jeshi lake lilishambulia kwa kifua katikati, pembe mbili za kuzunguka, na kiuno cha akiba nyuma. Kijitabu kinavitaja vyote kisha kinavipa mwendo wa sentimita 6, sawa na msururu wa Kifaransa wenye mabegi. Watu waliokimbia bila viatu, wakiwa na ngao na mkuki mfupi wa kuchomea, wapewe 12 angalau, na pembe ziruhusiwe kuanza zamu moja kabla ya kifua. Bila hivyo kuzunguka hakuwezekani na mbinu nzima inakufa. Karakana ingefanya vyema zaidi kuufuata mkondo huo hadi huku kwetu. Zwangendaba na Wangoni wake walivuka Zambezi mwaka 1835, wakafika Ufipa, na baada ya kifo chake kundi la Watuta likaelekea kaskazini, likavamia Unyamwezi hadi jirani na kusini mwa ziwa. Turubai lenye kijiji kilichozungushiwa boma la minyaa, walinzi wenye pinde ndani na pembe mbili za Watuta nje, lingeuzika shuleni kirahisi, maana habari za Wangoni zinafundishwa sekondari.

Kwa sasa, anayetaka mchezo tu achukue seti ndogo. Mwalimu wa historia achukue kubwa kwa ajili ya kile kielelezo. Ukiagiza kutoka Bukoba au Nansio, sisitiza turubai lisikunjwe. Lizungushwe kwenye bomba la plastiki la inchi 3, kwa sababu mkunjo ukishaingia kwenye turubai la bango haunyooki, na vipande vinaegemea. Hesabu vipande kabla ya kulipa: 48 vya Wafaransa, 50 vya Waingereza, Wajerumani na Waholanzi kwa pamoja, 24 vya farasi, 12 vya mizinga. Kipande kinachopotea baadaye karakana inakikata kwa Sh 500, rangi juu yako.